Krismasi ya mlimani tuipike wenyewe, na watoto wapande mapema

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kwa wakubwa wote wanaosoma ukurasa huu, wadogo zangu habari za kazi. Naomba nafasi maana ikishaingia Novemba stori mjini inakuwa moja tu, nauli, nani kapata tiketi nani kakosa, basi limejaa, treni imejaa, na mimi sikatai nauli ni shida kweli, ila kuna jambo linaniuma kuliko nauli na sijaona mtu akilisemea gazetini. Sisi watu wa Kilimanjaro tunapanda nyumbani kila Desemba, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo tunashuka kunyoosha miguu, Same, Mwanga, mpaka Himo, zaidi ya kilometa 500 mtu umekaa kitako, halafu tukishafika jikoni kwa mama hatuingii. Tunakaa chini ya turubai tunasubiri gari la chakula.

Naongelea chakula cha oda. Imeshakuwa kawaida, Marangu, Mwika, Rombo, Kibosho, Machame, kote huko, grupu la WhatsApp la ukoo linaanza kuchangishana mapema, anachaguliwa mweka hazina, inatafutwa kampuni ya chakula mjini Moshi, na siku yenyewe watu wakitoka kanisani wanakuta meza zimetandikwa vitambaa vyeupe na utepe, pilau, kuku wa kukaanga, chipsi, saladi, keki ya ghorofa, ndafu ameshachomwa huko huko kaletwa amesimama na majani mdomoni, vijana wa sare wanagawa. Chakula kizuri, sisemi ni kibaya. Ila hakuna mkono wa mtu wa nyumba ile ndani yake. Tarehe 26 watu wanakula kiporo, 27 asubuhi magari yanashuka, na bibi anabaki na turubai akisubiri wenyewe waje kulichukua.

Nitoe mfano wa kwangu. Mimi kwetu Marangu, nimeolewa Kirua Vunjo, kwa hiyo Krismasi ni ukweni, baadae ndo napata nafasi ya kwenda kuwaona wazazi. Kuna mwaka tulifika jioni ya mkesha, nikapitia jikoni kwa nyuma kumsalimia mama mkwe, sio jiko la gesi la nyumba kubwa, lile lake la zamani la mafiga. Mkungu wa mchare, zile ndizi zetu za kupikia, ameuegemeza ukutani, mkubwa, chini ametandika majani ya mgomba. Pembeni ungo wa maharage umeshachambuliwa, magadi yapo kwenye kikombe cha bati, visu vidogo vidogo vimenolewa vimelazwa juu ya kinu. Alikuwa ametuandalia kazi, yaani alikuwa anatusubiri sisi na watoto tuje tukae pale. Shemeji yangu akaingia akamwambia mama usihangaike, kesho chakula kinakuja, watoto wako wamelipia kila kitu. Mama akanyamaza, akautazama ule mkungu, akauliza, "Sasa hizi ndizi nani atazimenya?"

Kesho yake alikaa mbele kabisa, kiti cha plastiki kimevalishwa kitambaa, akaletewa sahani ya pilau na paja la kuku, wajukuu wakapiga nae picha wakazirusha. Na wengi wa wajukuu hao mpaka leo hawajui kwamba yule bibi ndo anafuatwa na kijiji kizima mwanamke akijifungua, aje ampikie mzazi mtori, ule wa ndizi na nyama zilizopondwa. Hawajawahi kuuonja. Zile ndizi ziliiva zote akazigawa kwa majirani.

Watu wanadhani kumenya mchare ni kazi ya hivi hivi. Ndizi mbichi ina utomvu, ukikushika mkononi unageuka mweusi na sabuni haiuondoi, kwa hiyo kwanza unapaka mafuta mikononi, na kisu nacho unakipaka. Unakata ncha ya huku na ya huku, unachana ganda kwa urefu bila kugusa ndizi yenyewe, unaingiza kidole gumba unalifungua, ndizi inatoka nzima, unaidumbukiza hapo hapo kwenye maji isije ikawa nyeusi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza akishaonyeshwa. Lakini mkungu mzima unataka watu, sio mtu, na hapo ndo penyewe, mnazunguka beseni moja, bibi, shangazi, mawifi, wasichana, wavulana wadogo, mnakaa pale mpaka mkungu uishe, na katikati ya kumenya ndo mtoto anasikia nani kaoa, nani kafariki tangu mwaka jana, kwa nini baba mkubwa na jirani wa chini hawasalimiani, yule mama aliyepita na kuni ni nani wetu. Hakuna anayetoa hotuba ya historia ya ukoo. Inatoka yenyewe mikono ikiwa kazini, na chini ya turubai lenye spika mbili kubwa haitoki hata kidogo, watu hawasikilizani.

Mtori nao una mambo yake. Mbavu au mifupa ya ng'ombe inachemka kwanza peke yake mpaka nyama inaachia, ndizi na kitunguu zinaingia baadae, zinaiva mpaka zinapasuka zenyewe, unatoa mifupa pembeni halafu unaponda kwa mwiko, unarudisha supu kidogo kidogo huku unakoroga, mwisho maziwa au siagi. Mama mkwe anainua mwiko anaangalia unavyodondoka, ukidondoka haraka ni mwepesi, ukigoma ni mzito, hana kipimo kingine. Kiburu ndo kigumu zaidi. Maharage yakikaribia kuiva unapanga ndizi juu, unafunika na jani la mgomba, na magadi unaweka kiasi, ukizidisha chungu chote kinaharibika, ukipunguza ladha haiji. Kile kiasi hakijaandikwa popote. Kipo kwenye vidole vya hawa wazee, na mtu pekee atakayekichukua ni yule aliyekaa nao jikoni akaona wanavyobana vidole. Kikishapondwa kinalazwa, kesho asubuhi kinaliwa kimepoa, na maziwa au chai, na kwa mimi hicho ndo chakula cha Krismasi kuliko nyama yoyote. Kampuni ya chakula haiwezi kukupikia kiburu cha bibi yako, na wala haitajaribu, maana kwenye bufee hakipendezi kwa macho.

Wanaume nao walikuwa na jiko lao, tusisahau. Mbuzi alichinjwa nyumbani, nyuma ya nyumba kwenye migomba, nyama inashukia juu ya majani mabichi ya mgomba, damu inakingwa kwa ajili ya kisusio, ile supu ya damu, na baada ya hapo inakuja shughuli ya kugawa ambayo kwetu sio mchezo, kila kiungo kina mwenyewe. Kuna cha mzee wa ukoo, kuna cha shangazi, cha mjomba, cha aliyechinja, na mpango wa Marangu sio wa Rombo na wa Rombo sio wa Machame, na nimeshuhudia watu wazima wakinuniana mwaka mzima kwa sababu kipande kilikwenda kwa asiyestahili. Mtu atasema si bora tumeachana na hayo. Mi naona tumepoteza, kwa sababu kijana aliyeshika mguu wa mbuzi huku baba mdogo anachuna, akatumwa peleka hiki kwa shangazi yako kule ng'ambo ya korongo na hiki kwa yule mzee pale juu, kufika jioni anaujua ukoo wake wote kwa miguu. Huyu ndafu wa kuletwa anakatwa na yeyote mwenye kisu, na shangazi anakula alichopewa na kijana wa sare asiyemjua.

Na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Najua wapo wasiotumia kwa imani zao na sina neno nao, chai ya maziwa ya pale nyumbani inawatosha kabisa. Lakini mbege ya Krismasi haiwezi kupikwa na mtu aliyefika tarehe 24. Ndizi zinatakiwa ziive kabisa, zimenywe, zichemshwe mpaka zibadilike rangi ziwe nyekundu, zipoe, zikae siku kadhaa zichachuke, zichujwe, huku pembeni ulezi umeshaoteshwa ukakauka ukasagwa kimea, unapikwa uji, ndo vinachanganywa, na gamba la mti wa msesewe linatiwa kwa ule uchungu wake, halafu inasubiriwa tena. Kila hatua ina mtu wake na siku yake. Wakati wa kunywa inatolewa kata, ile ya kibuyu, mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya wageni ndo inazunguka kuanzia kwa wazee. Ukikuta nyumba ina kata ya babu iliyong'aa kwa kushikwa na vizazi, ishike vizuri, maana siku hizi naona majagi ya plastiki yamejaa na zile kata zimetundikwa kwenye kumbi za mjini kama mapambo.

Sasa hapa najua kuna akina dada wenzangu wameshaanza kukasirika. Watasema wewe unatamani tu mambo ya zamani, hujui wanayopitia wake wa wana. Najua, na mimi ni mke wa mwana. Najua kuamka saa kumi usiku kuwasha kuni mbichi, macho yanawaka, watu sitini wanasubiri, watoto wako mwenyewe hujui wamekula nini, na wanaume wamekaa chini ya mparachichi na bia zao wanauliza nyama imefikia wapi. Kuna mwanamke hakuwahi kusikia ibada ya Krismasi hata moja tangu aolewe kwa sababu saa hiyo yuko jikoni. Chakula cha oda kiliingia kwa mlango huo, kiliingia kwa sababu wanawake walichoka na hakuna aliyeinuka kuwasaidia, na walioamua kuagiza walikuwa na haki yao. Kwa hiyo mimi siombi turudi kule. Naomba kazi igawanywe. Mwanaume aliyeweza kuendesha gari kutoka Dar mpaka Kilema anaweza kumenya ndizi, mikono yake haitakatika. Kijana wa chuo anaweza kusugua sufuria na kuteka maji. Na sio lazima nyumba ipike kila kitu kwa watu wote, pilau kama ni lazima iagizwe iagizwe, lakini vyungu viwili, cha mtori na cha kiburu, vipikwe na watu wa nyumba ile kwa mikono yao, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto, na akina mama nao waende kanisani wakae kwenye benchi kama wengine. Vyungu viwili tu. Sidhani kama naomba kikubwa.

Niseme na habari ya zawadi maana inakwenda pamoja na hii. Tunavyopanda tunapeleka mchele, sukari, mafuta, vitenge, blanketi, kreti za soda, na hivyo vyote vinahitajika, mzazi anafurahi na ni haki yake. Lakini angalia yeye anachokurudishia, mkungu wa ndizi, magimbi, parachichi, kahawa aliyoikaanga mwenyewe akaitwanga kwenye kinu cha mringaringa, na vitambaa vya kufuma. Vitambaa nitavitetea mpaka mwisho. Kila aliyekulia nchi hii anavijua, vile vyeupe vya kwenye makochi, kwenye meza, juu ya redio, juu ya tivii. Nina shangazi yangu Marangu vidole vimeshaanza kuvimba viungo lakini sindano ya kufumia haiachi, anafuma akiwa sokoni hana wateja, anafuma akisubiri daktari, seti moja ya makochi inamchukua kuanzia Pasaka hadi Krismasi, ile kubwa ya kochi la watu watatu, ndogo ndogo za kochi la mtu mmoja, za mikono, na ya meza. Mwaka jana alimpa seti hiyo binti wa ukoo aliyetoka kuolewa. Binti akashukuru, akapiga picha, kesho yake gari limeondoka vitambaa vimebaki kitandani kwa bibi, eti sofa zake mpya haziendani navyo. Mwanangu, kama unasoma hii sikutaji jina na wala sikuchukii, ila vifuate. Viweke kabatini kama huvipendi, viweke kwenye kapu la mkate, lakini vifuate. Yule mama hakukupa uzi, alikupa jioni zake zote za mwaka.

Na sisi tunaotoka mjini tujiulize tunapeleka nini tulichokitengeneza wenyewe. Sisemi tuache mchele na sukari. Nasema pamoja na hivyo mtoto apeleke kitu kimoja cha mikono yake. Binti yangu wa pili alimfumia bibi yake kofia ya sufu, ilikuwa imepinda upande, kuna sehemu ameruka mishono tukashindwa kurekebisha, na bibi anaivaa mpaka leo baridi ya Julai ikianza kushuka, anakwenda nayo sokoni na akiulizwa anasimama kueleza nani kamfumia. Blanketi nililomnunulia mimi mwaka huo huo limekunjwa ndani ya kabati, analitunza kwa ajili ya wageni. Mvulana nae anaweza kuchonga mwiko, anaweza kusuka kikapu akionyeshwa, anaweza kuchora kadi na kuiandika kwa kalamu yake sio kuforwadi ile picha ya mti wa Krismasi ambayo bibi ameshatumiwa na watu kumi. Wenzetu wa Kilutheri mnajua ule mnada wa sadaka baada ya ibada, kuku, mayai, mkungu, kikapu, kitambaa, mtu ananunua kwa bei kubwa kuliko dukani na anafurahi kwa sababu anamjua aliyekileta. Watoto wetu wa mjini wapeleke na wao kitu pale mbele kilichotoka mikononi mwao, waone kinavyogombaniwa.

Hapa Tabata jirani yangu ni mama wa Tanga. Ramadhani ikifika kumi la mwisho nyumba yake inanukia iliki mpaka barabarani, watoto wake wote wako sakafuni wanatengeneza visheti na vileja, yule wa kiume wa kidato cha pili ndo fundi wa kaimati na hakuna anayemcheka. Asubuhi ya Idd inakuja sahani kwangu imefunikwa kawa ya ukili aliyosuka mama yake mzazi, na mnajua sahani hairudi tupu. Krismasi nikishuka na ndizi namrudishia kiburu, na watoto wake wanakigombania, watoto wa Tanga kabisa. Huwa nakaa nafikiria kwamba hawa wanakijua kiburu kuliko watoto wengi wa ukoo wetu wenyewe, na yule mama hana hela za kuzidi sisi wala muda wa kuzidi sisi, ana duka la kufungua kila siku. Ila ameamua watoto wake hawatakaa pembeni sikukuu ikiandaliwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi wenzangu ni hili, wapandisheni watoto mapema. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba na zinafunguliwa Januari, huo ni karibu mwezi mzima watoto wako ndani wanaangalia katuni na sisi tuko kazini. Mzazi hawezi kuacha kazi, naelewa, lakini kwenye ukoo hakosekani shangazi aliyestaafu, mama mdogo mwalimu ambae nae amefunga shule, dada aliyemaliza chuo, apande na kundi lake kabla mabasi hayajaanza kugombaniwa. Treni ya kwenda Moshi nayo ilirudi Desemba 2019, watoto wanaipenda sana. Wakifika mapema ndo watakuta ulezi unaoteshwa, watachuma kahawa za mwisho mwisho, watakata majani ya ng'ombe, wataonyeshwa mfongo unavyofunguliwa maji yaingie shambani, na hizo ndizi watakuwa wameziona zikiwa bado kwenye mgomba. Na sisi wazazi tutapunguza hii mbio ya tarehe 23 usiku ya watu kuendesha bila kulala ili wawahi, mbio ambayo kila mwaka inatuachia misiba barabarani.

Na kihamba chenyewe kinategemea hili, wengine hawalioni. Mfumo wetu ule, miti mikubwa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, ng'ombe wa ndani anatoa mbolea, mifongo inaleta maji, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua pale Shimbwe Juu, Uru, mwaka 2011 kuwa ni urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Sasa mchare unatunzwa na anayeula. Wajukuu wasiokula mtori watarithi kihamba wakione ni msitu wa majani usio na faida, watang'oa migomba wajenge fremu za maduka au wakate viwanja wauze, na wameshaanza, pitia barabara ya Himo mpaka Marangu uone. Mtu hawezi kukilinda chakula ambacho ulimi wake haukijui.

Kwetu mwaka huu tumeshakubaliana, sio kwa urahisi, grupu liliwaka moto wiki nzima, kuna waliosema tunarudisha watu nyuma na kuna aliyejitoa akarudishwa. Pilau itaagizwa. Mbuzi anachinjwa nyumbani na baba mkubwa ndo atasimamia kugawa wakati bado ana nguvu zake. Mtori na kiburu tunapika wenyewe, na orodha ya wamenyaji imewekwa, wanaume wamo. Watoto wanapanda na wifi yangu wiki ambayo shule zinafungwa. Mama mkwe kapigiwa simu, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza wako wangapi na wana viatu vya matope.

Ombi la mwisho ni kwako Mhariri na gazeti lako. Kuanzia Novemba mtenge sehemu kwenye toleo la Jumapili muwe mnachapisha mapishi ya sikukuu kutoka kwa bibi zetu wenyewe, kwa vipimo vyao vya mkono, kwa maneno yao, msiyanyooshe sana. Isiwe Kilimanjaro peke yake, kuna Wahaya na senene wao wa Novemba, kuna Wapare na makande, kuna Wanyakyusa, na ikikaribia Ramadhani waingie watu wa Tanga, Pemba, Kilwa na Bagamoyo, maana vileja na mkate wa kumimina navyo vinahamia kwenye maboksi ya dukani. Vijana wenye simu nzuri wakae na bibi zao jikoni warekodi, watume. Ukurasa ukipatikana mimi nitaanza na kiburu cha Kirua, mama mkwe amekubali niandike na kuhusu magadi amesema atanionyesha tena pole pole tukifika, nipime na kijiko ili wasomaji wapate kiasi cha kuanzia.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mama wa watoto watatu,
Tabata, Dar es Salaam